Tinga Tinga Tales: Hadithi Zilizochorwa Karibu Nasi

Kila kizazi kina hadithi zilizokilea. Wazee wetu wa Pwani walilelewa na Abunuwasi, na sungura mjanja, na majini ya visimani, kwa sauti ya nyanya aliyekaa juu ya mkeka baada ya sala ya isha. Sisi tuliozaliwa mnamo mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata tulilelewa pia na kioo cha runinga. Hilo si jambo la kuonea fahari wala haya. Ndivyo zama zetu zilivyokuwa. Lakini miongoni mwa katuni zote zilizopita mbele ya macho yetu, iko moja ambayo twaona haifai kuachwa ipotee hivi hivi, nayo ni Tinga Tinga Tales.

Mtajie kijana wa miaka ishirini na ushei jina hilo, huenda akatikisa kichwa. Ila mweleze habari za kima mwekundu apendaye kusimulia, na wanyama wenye miili iliyojaa madoadoa na mapambo, wakikutana kandokando ya maji kuulizana na kutaniana, utaona uso wake unabadilika. Atakwambia, "Ile ya kwa nini tembo ana mkonga!" Na hapo atataka kujua imekwenda wapi.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kama wa ngano zetu za kale. Kila kipindi kilijibu swali moja. Kwa nini tembo ana mkonga? Kwa nini nyoka hana miguu? Kwa nini kiboko hana manyoya? Kwa nini gamba la kobe lina nyufa? Kwa nini popo huning'inia kichwa chini? Zamani hizo, hadithi ilituambia, mnyama huyu hakuwa hivi tumwonavyo leo. Kisha likatokea jambo, aghalabu kwa sababu ya kiburi, ulafi au udadisi, na tangu siku hiyo akawa hivi alivyo. Kipindi kilichukua dakika 11. Vipindi vyote vilikuwa 52. Ukivitazama mfululizo, huzimalizi saa kumi. Ndio urefu wote wa jambo lililotujaza vichwa kwa miaka.

Ilianza kuonyeshwa nchini Uingereza mwaka 2010, katika idhaa ya watoto ya BBC iitwayo CBeebies, kisha ikaenea nchi nyingine, Marekani ikiwemo. Kwetu ilifika kwa njia za kwetu.

Sisi tuandikao haya ni watoto wa Pwani tuliokulia Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vya Kibera. Babetu walitoka Mombasa na Lamu kuja Nairobi kutafuta riziki, wakapanga pale walipoweza kulipa. Kibera haikuwa ugenini kabisa kwa watu wetu. Jina lake lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na Wanubi wa Makina walikuwa wamekwisha kukaa huko na misikiti yao tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ila Gatwekera yenyewe ilikuwa na wengi waliotoka upande wa Ziwa Victoria, na mlango wa tatu kutoka kwetu ulikuwa wa Waluhya, na wa nne wa Wakamba. Vyumba vilikuwa vya futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, mapaa ya mabati. Siri ya nyumba moja ilisikika nyumba ya pili, na kicheko vilevile.

Katika safu yetu nzima runinga ilikuwa moja, ya jirani, yenye kioo kidogo na areo ya waya iliyofungwa juu ya mti. Palikuwa na deki pia. Sidii za katuni ziliuzwa karibu na reli, zimetandazwa juu ya gunia kando ya viatu vya mitumba, na yeyote aliyenunua moja alikuwa amewanunulia watoto wa safu nzima. Tulikaa chini, wadogo mbele, wakubwa nyuma, na waliochelewa walisimama mlangoni wakizuia mwanga. Umeme ulikatika utakavyo. Ukikatika kabla hatujajua kobe amepatwa na nini, tulibaki gizani tukibishana, kila mmoja akimalizia hadithi kwa namna yake.

Hapo ndipo palipotokea jambo tulilokuja kulithamini ukubwani. Mametu hakuwa mtu wa katuni. Alikuwa akipita na ndoo ya maji, akasikia habari za kobe, akaitua ndoo. Kipindi kilipokwisha alisema, "Hivyo sivyo nilivyosimuliwa mimi." Tukamwomba atueleze alivyosimuliwa, naye akaketi kizingitini, akaanza, "Paukwa!" Hatukuwa tumemsikia akitamka neno hilo tangu tuhamie Nairobi. Kazi zilikuwa nyingi, na usiku wa Gatwekera haukuwa na ua wa kutandika mkeka.

Jirani yetu, mama kutoka ufuoni mwa Ziwa, hakukubali kushindwa. Yeye alikuwa na habari za kiboko aliyekuwa na manyoya mazuri, akayaringia na kuwacheka wenziwe, mpaka moto ukamkimbiza majini, na hadi leo huona haya kutoka nje mchana. Mama wa Kiluhya akasema kwao kobe aliazima manyoya ya ndege, akaruka nao hadi karamuni mbinguni, akawala wenyeji na wageni chakula chao kwa ujanja. Ndege walipochukua kila mmoja unyoya wake, akaanguka na gamba likapasuka. Kila mlango ulikuwa na jibu lake. Tangu siku hiyo, kipindi kilipokwisha hatukuondoka. Tulingoja kikao cha pili, kile kisichohitaji umeme.

Twalieleza hili kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba runinga iliua ngano. Huenda iliziua kwingineko. Katika safu yetu, katuni hii ilizifufua, kwa sababu iliuliza maswali ambayo wazee wetu tayari walikuwa na majibu yake. Katuni nyingine tulizotazama, za mapanga ya miali na magari yageukayo kuwa majitu, hazikumpa mama yeyote wa Gatwekera nafasi ya kusema "hivyo sivyo".

Mtaani iliitwa "katuni ya Wazungu". Watu waliiita hivyo kwa kuwa ilizungumza Kiingereza, na kwa kuwa kila kitu kizuri kilichokuwa ndani ya kioo kilihesabiwa kuwa kimetoka ng'ambo. Ukweli ulikuwa mwingine, nao ndio uliotusukuma kuandika.

Katuni ile ilitengenezwa Nairobi. Wazo lilikuwa la mtayarishaji Mwingereza, Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect, aliyevutiwa na picha za Tingatinga. Fedha na soko vilitoka Uingereza. Lakini michoro yenyewe ilitiwa uhai na vijana wa Kenya katika studio ya Homeboyz, jina ambalo wengi wetu tulilijua kwa madijei na matamasha tu. Muziki ulitungwa na Eric Wainaina, mwanamuziki ambaye nyimbo zake zilichezwa katika redio za matatu tulizopanda. Vijana walifunzwa kazi hiyo hapa hapa na kulipwa kwayo hapa hapa.

Tuihesabu kazi hiyo kidogo, maana mtazamaji huiona nyepesi. Runinga za Ulaya huonyesha picha 25 kwa kila sekunde. Kipindi kimoja cha dakika 11 ni sekunde 660, yaani picha 16,500 zinazofuatana ili tembo atembee, apepese jicho, na mkonga wake urefuke. Tarakilishi husaidia sana, kwa kuwa mchoro mmoja wa mnyama huweza kukatwa viungo na kuungwa kama kikaragosi, kisha kiungo kimoja kimoja kikasogezwa. Hata hivyo lazima awepo mtu wa kuamua bega liinuke lini na sikio lianguke vipi. Watu hao walikuwa wakipanda matatu zile zile, wakinyeshewa na mvua ile ile.

Katika mtaa wetu alikuwepo mvulana mmoja, mkubwa wetu kwa miaka miwili hivi, aliyekuwa na mkono wa ajabu. Baada ya kila kipindi alichukua kaa la jikoni akachora juu ya bati la ukuta: tembo, kima, mamba, pamoja na madoadoa yao yote, pasipo kuwatazama tena. Watu wazima walimsifu, kisha wakamwonya kwamba michoro haijazi chungu. Walimwonya kwa mapenzi, maana hawakumjua hata mtu mmoja aliyekula kwa kuchora. Alipomaliza shule aliingia mjengoni, na hadi leo hubeba mawe na kuchanganya saruji, kazi ya halali na ya heshima. Juzi tulipokutana naye tukamweleza kuwa zile picha za utotoni zilichorwa Nairobi na vijana waliokuwa wakilipwa mshahara. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno moja tu: "Nairobi hii?"

Hatudai kwamba angelijua hilo angekuwa mchoraji mashuhuri. Riziki ina milango mingi, na umaskini hufunga mingi zaidi. Lakini kuna tofauti kati ya mlango uliofungwa na mlango ambao hujaambiwa upo. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Hapa miti ilikuwepo na wajenzi walikuwepo. Habari zao tu ndizo hazikuvuka reli.

Tena asili ya michoro ile yaongeza uzito wa jambo hili. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, akahamia Dar es Salaam kutafuta kazi kama babetu walivyohamia Nairobi. Hakusoma chuo cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwa vifaa alivyoweza kuvipata: vipande vya mbao za dari kwa turubai, na rangi ya mafuta ing'aayo, ile ipakwayo baiskeli. Kwa vifaa hivyo vya duka la kawaida aliumba mtindo unaotambulika duniani kote, wenye mnyama mmoja mkubwa katikati, rangi kali, na madoa yaliyopangwa kwa subira. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, penye Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu, lakini alikuwa amekwisha kuwafunza jamaa na rafiki zake, na hao ndio walioiendeleza kazi hata ikawa ushirika, na hata jina la ukoo wake likawa jina la sanaa nzima.

Basi tazameni msafara wa hadithi hizi. Mtu wa Tunduru achora Dar es Salaam. Picha zake zamvutia Mwingereza. Vijana wa Nairobi wazitia mwendo. Watoto wa London wazitazama kwanza. Kisha zarudi Gatwekera ndani ya sidii ya mitaani, na mama wa Pwani azisahihisha kizingitini.

Watu wa Pwani hawana sababu ya kuushangaa msafara kama huo. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja na baadaye kuwa askofu, alichapisha mjini London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waswahili. Ndani yake mna kisa cha punda wa dobi, na ndani ya kisa hicho mna habari za kima aliyechukuliwa na papa baharini ili moyo wake ukawe dawa ya sultani, naye akaokoka kwa kusema kwamba moyo ameuacha mtini. Kisa hicho chafanana sana na kile cha nyani na kasa kilichomo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu katika karne ya nane kutoka Kiajemi, nacho asili yake ni Bara Hindi. Hadithi zetu zimekuwa zikisafiri kwa jahazi karne na karne. Kila bandari ilizivisha kanzu yake, na kasa wa bara nyingine akawa papa wa bahari yetu. Kwa hiyo kusafiri kwa hadithi hakutuudhi. Tunalolitaka ni kwamba ikirudi bandarini, watoto waambiwe pia kuwa jahazi liliundwa kwetu.

Kwa nini basi imesahaulika? Sababu ya kwanza ni ufupi wake: vipindi 52 vilikwisha na hatukuona vingine. Ya pili ni mabadiliko ya mitambo. Mwaka 2015 Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali, runinga za areo ya waya zilibaki kelele na chenga tupu, na si kila nyumba ya Gatwekera iliyoweza kununua king'amuzi. Deki nazo ziliharibika, sidii zikakwaruzika, na simu za mkononi zikachukua nafasi ya vyote. Sababu ya tatu ni lugha. Kitu ulichokipenda kwa lugha ya shule ni vigumu kukisimulia kwa lugha ya nyumbani. Kilibaki picha na mdundo, bila maneno ya kukishika.

Waliokuja baadaye walitia nguvu pale pale. Mwaka 2014 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni inayofundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na baadaye likamleta Akili, mtoto wa kike akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia nchi ya ndoto akajifunza pamoja na marafiki zake wanyama. Mwaka 2020 Kenya ilipata kituo kizima cha runinga cha watoto, Akili Kids. Mwaka 2021 ikaja Super Sema, ya msichana wa Kiafrika atumiaye sayansi kama silaha yake, ambayo Lupita Nyong'o alishiriki kuitayarisha. Watoto wetu wa leo wana bahati ya kusikia Kiswahili kikitoka kinywani mwa katuni. Sisi twafurahi kwa ajili yao, na wivu kidogo hatuukosi.

Hata hivyo bahati hiyo yaweza kupita kama yetu ilivyotaka kupita. Mtoto apewaye simu ili anyamaze hutazama pekee yake, na kipindi kikiisha kingine huanza chenyewe, pasipo mtu wa kutua ndoo na kusema "hivyo sivyo". Kwa hiyo twawaomba wazazi, mashangazi na maami mambo matatu, nayo hayana gharama.

Kwanza, keti na mtoto walau kwa kipindi kimoja, kisha zima, umuulize: wewe waonaje, kwa nini popo huning'inia? Mwache ajibu upuuzi wake wote kabla hujampa jibu lako.

Pili, msiyaruke majina yapitayo mwisho wa katuni. Msomee mtoto machache kwa sauti. Akisikia jina linalofanana na la mwalimu wake au la jirani, ataelewa bila kuhubiriwa kwamba picha huchorwa na watu, na kwamba watu hao hukaa miji kama wetu. Ikiwa mtoto wako mwenyewe ana mkono wa kuchora, mpe karatasi, na umwambie kwamba kazi hiyo ipo, ina mshahara, na ina watu wake Nairobi na Dar es Salaam.

Tatu, wazee wetu bado wamo majumbani. Katika kila ukoo usomao jarida hili pana nyanya, mama au shangazi ajuaye jinsi gamba la kobe lilivyopasuka, na ajuavyo yeye si kama ajuavyo mwingine. Simu ile ile iliyochukua nafasi ya deki ina kinasa sauti. Muulizeni wiki hii, mkiwa mmekaa naye baada ya chakula, watoto wakiwepo; mrekodi, kisha mwandike. Na chini ya hadithi, kabla ya kuweka nukta ya mwisho, andikeni jina lake na mji alikosimuliwa.